Maswali ya Bustani: Ndago Haing'oki kwa Hasira

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja, majani yasiyotakiwa. Hatushangai, mvua zikishakolea kila kilicholala chini kinaamka, na wengi wenu ni wale wa "nimeng'oa juzi leo yamerudi". Tumechagua chache ambazo zinabeba na za wengine. Ombi moja kabla hatujaanza: ukituandikia, tuma na picha ya mzizi, sio ya jani peke yake, maana nusu ya maswali yenu jibu lake liko chini ya udongo na sisi hatuwezi kulibahatisha kutoka ofisini.

Swali: Shikamoo mshauri. Naishi Kigamboni, nilipanda nyasi za Pemba mbele ya nyumba mwaka juzi, zilipendeza kweli mpaka watu wakawa wanapiga picha getini. Sasa ndago imeingia. Kuna kijana anakuja kung'oa kila Jumamosi namlipa, ikifika Jumatano iko vilevile na naona kama inazidi. Jirani akaniambia chukua Roundup, nikapulizia kona moja, ndago ikakauka na nyasi zangu zikakauka nayo, wiki chache mbele ndago ikarudi nyasi hazikurudi. Nilime yote nianze upya au niweke tu pevingi nipumzike? — Nimechoka, Kigamboni

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa nyasi. Tuanze na huyo kijana wa Jumamosi. Siku moja mwambie asing'oe, achukue jembe uma achimbe taratibu pembeni ya shina moja, kina cha kiganja hivi, anyanyue bonge zima la udongo mlivunjevunje kwa vidole. Mtaona shina linaishia kwenye kivimbe, kwenye kivimbe kinatoka kijikamba chembamba kigumu kama waya, ukikifuata kinafika kwenye kiazi cheusi saizi ya punje ya hindi, kinapita kinaenda kwenye kiazi kingine, kinapita tena. Kikate kimoja kwa ukucha, ndani ni cheupe na kina harufu kali ya dawa dawa. Hapo ndo umeiona ndago yenyewe, yale majani ya juu ni mdomo wake tu wa kulia jua.

Sasa ukivuta kwa mkono kile kijikamba kinakatika, wewe unabaki na jani, viazi vyote vimebaki chini. Afu kuna baya zaidi, vile viazi vikiwa bado vimeungana, wa mbele anaota na wa nyuma wanatulia, ila ukikata kamba kila kimoja kinakuwa huru kuota kivyake. Kwa hiyo macho yako hayakudanganyi, inazidi kweli, na unaizidisha kwa hela yako. Usijione mzembe, kwenye orodha ya magugu mabaya zaidi duniani iliyotolewa mwaka 1977 ndago ndo ilishika namba moja, imesumbua wakulima wa pamba, wa miwa, wa mpunga, bustani yako ya Kigamboni ni nani.

Kuhusu Roundup. Kilichomo ndani ni glaifoseti, na glaifoseti haichagui, inaingia kwenye jani lolote la kijani inashuka mpaka kwenye mzizi, iwe ndago iwe nyasi uliyoipanda kwa laki. Na mbona ndago ilirudi? Dawa inafika kwenye viazi vyenye majani hai juu yake tu, vile vilivyokuwa vimelala haikuvigusa, afu ukawa umeshaua nyasi zilizokuwa zinaviwekea kivuli. Ndago haipendi kivuli kabisa. Ulipoiondolea nyasi uliifungulia dirisha.

Dawa inayochagua ipo, inaitwa halosulfuroni. Inalenga jamii ya ndago na kuacha aina nyingi za nyasi za bustani, ila soma lebo kama nyasi zako zimetajwa na ujaribu kwanza kipande cha mita moja kwa moja. Sio kila duka la pembejeo linayo na bei yake inauma kidogo, usikubali muuzaji akupe kingine akwambie "ni kilekile". Pulizia ndago ikiwa changa, ina majani kuanzia matatu mpaka manane, kabla haijatoa maua. Usikate nyasi siku mbili kabla na siku mbili baada, dawa inahitaji jani la kuingilia. Halafu uwe na subira maana inaua polepole, wiki mbili za kwanza utaona umanjano tu utadhani umepigwa. Baada ya mwezi na nusu hivi itaota ndago mpya kutoka kwenye vile viazi vilivyokuwa vimelala, hapo unarudia. Msimu mmoja hautoshi, yeyote anayekuahidi kuimaliza kwa mara moja anakuuzia chupa.

Kama hutaki dawa kabisa, subiri kiangazi. Ile kona iliyokufa ichimbue kina cha sentimita 20 mpaka 30, chekecha udongo, viazi vianikwe juani juu ya zege wiki nzima na zaidi. Kiazi cha ndago kikikauka kabisa kimekufa. Ukikitupa kwenye mboji ukikimwagia maji umekipanda upya. Pevingi nakushauri usihangaike nazo kwa ajili hii, ncha ya ndago inatoboa nailoni, itatokea kwenye maungio ya matofali na hapo ndo kuing'oa itakuwa kazi kweli.

Na swali langu kwako, ule udongo mweusi uliomwagiwa wakati wa kupanda ulitoka wapi? Nina wasiwasi ndago ililetwa na lori. Safari ijayo, kabla hujausambaza, jaza ndoo moja, mwagia maji, weka juani wiki mbili tatu uone nini kinaota. Kikitoka kishina ambacho ukikizungusha kwenye vidole unasikia kona tatu, mwambie dereva arudi nao alikoutoa.

Swali: Mambo vipi. Kwenye grupu letu la WhatsApp wanasema changanya chumvi ya mawe, siki na sabuni ya maji, unapulizia magugu yanakufa yote na haina madhara kwa sababu ni asili. Kweli? — Mpenda Bustani, Morogoro

Jibu: Poa kabisa. Siki inaunguza jani, basi. Vile vigugu vidogo vya mbegu vyenye majani mawili matatu vinakufa, ila chenye mzizi wa maana kinachipua tena wiki ijayo. Kinachoua pale ni chumvi, na chumvi haijui kuondoka, inakaa kwenye udongo inazuia hata ulichotaka kupanda, mvua ikinyesha inashuka inakwenda kwenye mizizi ya mwembe wako. Kwenye bustani hapana. Kwa majani yanayoota kwenye maungio ya pevingi, chemsha sufuria ya maji uyamwagie ya moto hivyo hivyo, rudia kila yakichipua. Watoto na mbwa wawe mbali.

Swali: Habari za kazi. Nina kiwanja Bagamoyo, nilinunua miaka kadhaa nyuma sijakigusa, sasa kimekuwa pori kamili. Lusina imefika urefu wa nyumba, na kuna kile kichaka chenye vimiba na maua ya njano yaliyochanganyika na pinki. Jirani analalamika nyoka wanatokea kwangu, mwenyekiti wa mtaa ameshanipigia. Nilileta vijana wakafyeka wakachoma moto, miezi mitatu baadae shina moja la lusina limetoa matawi sita. Kuna mzee ananiambia nimwagie dizeli kwenye visiki. Nisaidieni. — Mwenye Pori, Dar

Jibu: Nzuri kaka. Kufyeka lusina bila kushughulika na kisiki ni sawa na kuipogolea, ndo maana ikakushukuru kwa matawi sita. Huu mti asili yake Mexico na Amerika ya Kati, kwenye miaka ya 1970 na 80 ulisifiwa dunia nzima kuwa mti wa muujiza, majani unalisha mifugo, kuni unapata, udongo unarutubika, na kweli vyote hivyo unafanya. Tatizo huwezi kuuambia basi. Leo upo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na kile kichaka chako cha maua ya rangi mbili ni lantana, nayo iko kwenye orodha hiyohiyo. Kwa hiyo una mabingwa wawili kwenye kiwanja kimoja.

Lusina inapigwa kwenye kisiki. Kata chini kabisa, karibu na ardhi, juu pawe flati pasiwe na mteremko. Ukiangalia kisiki kibichi utaona gamba, afu ndani ya gamba kuna ukanda mwembamba wenye unyevu unaozunguka, katikati ni mbao. Uhai uko kwenye ule ukanda, ile mbao ya kati unaipaka bure. Mmoja anakata, mwingine yuko nyuma yake na brashi ya rangi na kopo la dawa, futa unga wa msumeno, paka ule ukanda mzunguko mzima, ndani ya dakika tano hivi, usiseme tutapaka jioni tukimaliza kukata, jeraha likishakauka dawa haiingii. Dawa ya kazi hii ni triklopa, glaifoseti inafanya pia ila lusina ni mbishi nayo, utarudia visiki vingi.

Huyo mzee wa dizeli kasikia nusu. Australia wana vita na lusina muda mrefu, na ni kweli wanatumia dizeli, ila wanachanganya na triklopa wanapaka kwenye gamba la chini la mti, dizeli kazi yake ni kuibeba dawa ipenye gamba. Ukimwaga dizeli tupu umechafua udongo, na kama kuna kisima karibu umejichafulia maji ya kunywa.

Ukimaliza visiki kazi imefika nusu, sikudanganyi. Kila kile kiganda bapa cha kahawia kina mbegu kumi na zaidi, zimejaa kwenye udongo wako na zinaweza kulala miaka mingi, ukifungua jua zinaota zulia zima. Hapa ndo watu wanakata tamaa na hapa ndo rahisi, mche wa lusina ukiwa chini ya goti baada ya mvua unang'oka na mzizi wote kwa mkono mmoja. Mpe mtu hela kidogo apite mara moja kwa mwezi kwenye masika, na asikubali hata mmoja ufike kutoa viganda.

Lantana usiichome. Moto unakula matawi, shina la chini linachipua, na mbegu ndege wameshakusambazia. Ing'oe kwa sururu udongo ukiwa na maji, kamata ile sehemu nene ambapo matawi yote yanakutana, ukiitoa hiyo hairudi. Vaa gloves za ngozi, vile vimiba vinakwaruza vibaya. Ukifikiria mbuzi wa kukusaidia, lusina wanakula vizuri wakichanganyiwa na majani mengine, ila punda au farasi usiwape, manyoya ya mkia na shingo yanapukutika. Lantana ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, inashambulia ini na ngozi inababuka juani, kwa hiyo usilete mifugo wenye njaa ukawafungia humo.

Kuhusu nyoka, anza kufyeka upande wa nyumba ya jirani ukielekea upande ulio wazi, ili wakikimbia wasikimbilie chumbani kwa mtu. Vijana wavae mabuti, na yale matawi msiyarundike ukutani mkaondoka, mtakuwa mmewajengea nyumba mpya.

Mwisho kiwanja kisibaki kitupu. Mtafute mtu apande viazi vitamu, marando yanafunika ardhi haraka na yeye atakupalilia bure mpaka siku utakayojenga. Andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba amepewa kulima tu, yasije yakawa mengine.

Swali: Habari. Niko Arusha, pembeni ya barabara na sasa hadi kwenye uwanja wa nyumbani kuna majani yana vimaua vyeupe vidogo, jani lake ukiliona ni la karoti kabisa. Mwanangu akichezea hapo anawashwa mikono na shingo, na mimi nikipalilia napiga chafya kutwa. Ndo hilo gugu karoti? — Mama wa Watoto Wawili, Arusha

Jibu: Ndo lenyewe, na hapo Arusha ndo lilikoonekana mapema kwa Tanzania. Kwao ni upande wa Mexico na Amerika. India lilienea kuanzia miaka ya 1950, Ethiopia na Kenya lipo. Kwenye baiskeli, kwenye matope ya tairi, kwenye mchanga wa kujengea, kwenye kwato, linapanda lifti kila mahali.

Kwanza mtoto. Asicheze hapo mpaka umesafisha, akigusa aoge kwa sabuni na nguo zifuliwe, vipele vikizidi au akibanwa kifua mpeleke hospitali usipake vitu vya kuambiwa. Watu wengine mwanzo hawadhuriki, wanaling'oa msimu mzima mikono mitupu, mwili ukishalikataa ndo wanaanza kuwashwa na haliachi tena. Kwa hiyo hata asiyewashwa avae gloves, mikono mirefu na barakoa.

Pili muda. Hili gugu likiota linaweza kutoa maua wiki ya nne mpaka ya sita, na mmea mmoja mkubwa unatoa mbegu elfu 15 na kuendelea. Ukilikuta na maua meupe umeshachelewa kidogo, sio kwamba uache, ila ukiling'oa litie kwenye kiroba papohapo, ufunge, usiliburute uwanjani ukamwaga mbegu njia nzima. Ling'oe na mzizi, ukilifyeka linachipua kutoka kwenye kisiki na kutoa maua chini chini. Wakati mzuri ni pale linapokuwa bado limelala chini majani yamejitandaza, halijainua shina. Pita kila wiki mbili mvua zikiwepo. Ng'ombe asilishwe, maziwa yanakuwa machungu, na mashada ya maua msilitie, tumeona watu wanalichanganya na waridi kwa sababu linafanana na vile vimaua vya mapambo.

Jirani naye lazima ashirikishwe maana kwako pekee hutalimaliza. Ongea na afisa kilimo wa kata, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao makuu yao yako hukohuko Arusha.

Swali: Hujambo mshauri. Mimi niko Marigat, Baringo, huku Kenya. Hii mathenge imetumaliza. Tuliambiwa ni mti ya kusaidia, saa hii imefunga njia ya kwenda kwa maji, mbuzi zangu zimebaki bila meno na gari ikipita haikosi pancha. Nimekata na panga mara mingi, inarudi mingi kuliko hapo mbele. Kama haitaisha huko kwingine, nisaidie angalau na hii boma yangu. — Mfugaji, Marigat

Jibu: Sijambo mzee, pole sana. Habari za mathenge za kwenu zilifika mbali, ule mwaka 2006 watu wa Ilchamus, jamii ya hapo Baringo, walipoishtaki serikali wakapeleka na mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi aonekane. Mti uliletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni, Baringo ulipandwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nia ilikuwa nzuri.

Panga halitakusaidia kwa sababu unakata juu ya macho. Mathenge ina machipukizi kwenye shingo ya mti, ile sehemu inayozama kwenye udongo, kila ukikata juu unayaamsha yote kwa pamoja. Fukua kuzunguka shina mpaka urefu wa kiganja na zaidi, mpaka ule uvimbe wa shingo umeisha na mzizi umekuwa laini, hapo chini ndo ukate kwa shoka. Mzizi uliobaki huko chini hautoi mti mpya, hauna haja ya kuufuata, hata hungeuweza. Ni kazi ngumu, kwa hiyo usianze na kila mahali, anza na boma na njia ya maji, fungua hapo vizuri halafu linda, vijiti vidogo ving'oe kila baada ya mvua.

Sasa zile ganda tamu. Mbuzi anazipenda, sukari na nyuzi zinanasa kwenye meno yanaoza. Na mbegu inapita tumboni mwake nzima, inatokea kwenye samadi ikiwa tayari na mbolea yake. Kwa hivyo mbuzi ndio wanaokupandia. Ukiweza kuziokota zikiwa zimekauka na kuzisaga kwa posho mill mpaka mbegu zipondeke, unga wake ni chakula kizuri cha mifugo ukichanganya na nyasi, meno yanapona na mbegu imekufa. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wamefundisha vikundi vingi mambo haya, na kuhusu makaa uliza kwanza watu wa KFS, wasimamizi wa misitu, sheria inasemaje saa hii, usije ukabebwa na gunia zako barabarani.

Swali: Shikamoo. Kwetu Tanga, uwanja wa shule ya watoto umejaa kifauongo, wanacheza pekupeku wanachomwa. Kuna dawa inayoua hiki kikaacha nyasi? Na huyu anayepulizia anatumia bomba lilelile analopulizia nyanya zake, ni sawa? — Mzazi, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, sio sawa, na naanza na hilo la bomba. Dawa inayoacha nyasi ikaua majani mapana ni 2,4-D, na kinachobaki kwenye bomba na mpira wake hata ukisuuza kinatosha kusokota nyanya, papai na zabibu. Bomba la dawa ya majani liwe lake peke yake, liandikwe kwa rangi. Na upulizie asubuhi hakuna upepo, jua likiwa kali mvuke wake unasafiri mpaka kwa jirani.

Ila kwa uwanja wa watoto mimi ningeng'oa. Kifauongo kinatisha kwa sababu kimetambaa, kumbe matawi yote yale yanatoka kwenye mzizi mmoja mnene katikati. Siku ya mvua wazazi mje na visu na gloves, inua matawi yote kwa fimbo uone yanakoanzia, choma kisu hapo, kata mzizi chini ya ardhi, tupa. Kazi ya Jumamosi moja, na mkirudi mwezi unaofuata kwa miche. Mkiamua dawa basi iwe likizo, na kama nyasi ni za Pemba mjaribu kipande kwanza maana 2,4-D inaweza kuziumiza.

Na kwa wote mnaonunua dawa za majani, chupa iwe na lebo nzima na namba ya usajili, Tanzania ni ya TPHPA, Kenya ni ya PCPB, bodi yao ya viuatilifu. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa msinunue hata kama ni ya ndugu yenu, watoto wamekufa hivyo. Mkikuta imeandikwa parakwati rudisheni kabatini, funda moja linaua na hamna dawa ya kumrudisha mtu. Glaifoseti nayo ina mjadala wake, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2015 liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, wapo wanaopinga, sisi tunasema vaa mabuti, gloves, barakoa na mikono mirefu bila kubishana. Afu changanyeni na maji masafi, glaifoseti ikikutana na tope inashikana nalo inakuwa maji tu, wengi mnaosema dawa feki mmechota dimbwini.

Swali: Naambiwa nikikata nyasi fupi kabisa, mpaka udongo uonekane, magugu yanakosa nguvu. Mashine yangu naishusha mwisho lakini naona yanazidi. — Fundi Mpya, Dodoma

Jibu: Nyanyua blade. Nyasi ikikatwa mpaka chini inatumia akiba ya mzizi kujiponya, udongo unapata jua, na jua hilo ndo kila mbegu ya gugu iliyolala ilikuwa inalisubiri. Iache kama sentimita tano, sita ukiwa na nyasi za majani mapana, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja hata kama ulisafiri ukazikuta zimekuwa ndefu, rudia baada ya siku chache. Nolea blade, isiyo na makali inachana ncha zinakuwa za kahawia. Kwa Dodoma maji ni shida, kwa hiyo mwagilia mara chache lakini mwagia yazame, kila siku kidogo kidogo unanywesha magugu ya juu peke yake. Pale penye upara pachimbue kidogo, chomeka vipande vya nyasi zako mwenyewe mvua ikianza tu, vikaribiane, usisubiri mpaka Februari.